Ng'ombe wa Mwenye Deni

Mada kwa wananchi wa Songea: namna ya kulipa madeni ya mtu binafsi bila kumpoteza mnyama anayeitunza familia



Tunafahamu kwamba wengi wenu mmeamka kabla ya alfajiri, mkakamua, mkakata majani, mkafikisha maziwa kwa wateja wa Majengo na Lizaboni, ndipo mkaja hapa. Tutajitahidi kumaliza mapema, ili kila mmoja awe nyumbani kabla ya ukamuaji wa jioni.

Wahenga walisema kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii imetumiwa kwa miaka mingi kuwafariji waliokosa bahati. Leo tunaomba kuitazama kwa jicho la hesabu. Ng'ombe wa mwenye deni mara nyingi hazai kwa sababu amenyimwa pumba ili rejesho lipatikane. Jambo hilo linaanzia kwenye daftari, wala si kwenye nyota ya mtu, na likianzia kwenye daftari linaweza kurekebishwa kwenye daftari.

Neno letu la leo ni moja, nalo tungependa kila mtu aondoke nalo: gharama ya kumtunza mnyama huhesabiwa kabla ya rejesho, kamwe si baada yake. Yote tutakayoyasema yanatokana na neno hilo.

Mnyama asiyesubiri mwisho wa mwezi

Deni lina tarehe. Hata lile gumu kuliko yote hukupa siku kadhaa kabla ya kukudai tena. Ng'ombe hana tarehe. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku, na maji lita 60 au zaidi akiwa anakamuliwa. Huhitaji vivyo hivyo Jumapili, sikukuu, na siku ya msiba. Katika nchi nyingine watu hufuga farasi kwa mapenzi, nao hupambana na swali hili hili: nani alipwe kwanza, mkopeshaji au anayeuza nyasi? Kwetu farasi ni nadra, lakini swali lipo katika kila banda lenye ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba, kuanzia Msamala hadi Mshangano.

Tena hapa Songea mwaka wenyewe una mashaka yake. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma kuelekea Mei. Fedha nyingi za kaya huingia kuanzia katikati ya mwaka, mahindi yanapovunwa na kuuzwa. Lakini mahitaji makubwa huja kinyume cha majira hayo: pembejeo mwishoni mwa mwaka, mahitaji ya shule Januari, chakula cha nyumbani Februari na Machi ghala linapokuwa jepesi. Madeni mengi ya mtu binafsi huzaliwa katika miezi hiyo. Kwa upande wa mnyama, shida huanza madeni yanapotarajiwa kulipwa: kuanzia Julai majani hukauka, na anayekata majani bondeni hulazimika kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo mfugaji mwenye deni hubanwa pande mbili, na huo ndio wakati watu wengi hufanya uamuzi ambao baadaye huujutia.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue mfano. Familia hii tumeitunga sisi, na bei tumeziweka kwa ajili ya hesabu tu. Kila mmoja ataweka bei za mtaani kwake. Mama ni mwalimu, baba analima na kumtunza ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe hutoa wastani wa lita 8 kwa siku baada ya ndama kupata haki yake. Lita 2 hunywewa nyumbani, lita 6 huuzwa kwa shilingi 1,500 kila moja. Fedha inayoingia ni shilingi 9,000 kwa siku, yaani shilingi 270,000 kwa mwezi.

Familia hii ina madeni mawili. La kwanza ni shilingi 600,000 walizokopa wakati wa msiba kutoka kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. La pili ni shilingi 400,000 za VICOBA, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na rejesho lake ni shilingi 60,000. Jumla wanadaiwa shilingi 1,000,000.

Kila mwezi wanampelekea mkopeshaji shilingi 120,000. Hiyo ni riba peke yake. Wakilipa hivyo miezi mitano, watakuwa wametoa shilingi 600,000, nao watakuwa bado wanadaiwa shilingi 600,000 zile zile. Mikopo ya namna hii wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, nasi hatuna jina bora zaidi la kuwapa.

Baba akasema: maziwa yanaingiza shilingi 270,000, basi tuahidi shilingi 180,000 kwa wadai na tuishi na zinazobaki. Hapo ndipo kosa lilipo. Hebu tuandike gharama za ng'ombe kwa mwezi:

Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti: 72,000
Kijana wa kukata na kuleta majani: 60,000
Akiba ya dawa za minyoo, chanjo na mtaalamu: 20,000
Maji: 10,000
Dawa ya kuogesha dhidi ya kupe: 8,000
Chumvi ya madini: 6,000
Jumla: 176,000

Toa shilingi 176,000 kwenye shilingi 270,000, zinabaki 94,000. Na bado hatujamaliza. Ng'ombe hupumzishwa kukamuliwa kwa takribani miezi miwili kabla ya kuzaa. Katika miezi hiyo haleti hata shilingi moja, lakini anakula kama kawaida, maana anamlisha ndama aliye tumboni. Miezi miwili ni shilingi 352,000. Tukizigawa katika miezi 10 ya kukamua, ni lazima tuweke kando shilingi 36,000 hivi kila mwezi. Kinachobaki kwa uhuru ni shilingi 58,000.

Ndugu wananchi, huyu ng'ombe wa shilingi 270,000 kwa mwezi ni ng'ombe wa shilingi 58,000. Tena hapo tumechukua ng'ombe mzuri, anayezaa kila mwaka. Anayechelewa kushika mimba hupunguza hata hizo. Aliyeahidi wadai shilingi 180,000 kutoka kwenye maziwa ameahidi fedha zisizokuwepo, na zitakapodaiwa atazitoa mdomoni mwa mnyama.

Anayekata pumba anakata nini?

Tuseme familia imebanwa, ikaamua kuacha pumba na mashudu. Imeokoa shilingi 72,000 kwa mwezi. Baada ya wiki chache ng'ombe anayeishi kwa majani makavu pekee hushuka. Tukichukulia kwamba ameshuka kutoka lita 8 hadi lita 4, nyumbani wakabaki na zile 2, sasa wanauza lita 2 tu, yaani shilingi 90,000 kwa mwezi badala ya 270,000. Wameokoa shilingi 72,000 na kupoteza shilingi 180,000.

Hasara nyingine haionekani siku hiyo. Ng'ombe aliyedhoofu huchelewa kuingia kwenye joto. Joto lenyewe hurudi baada ya siku 21 hivi, na likipita bila kuonekana, umepoteza wiki tatu nyingine. Kila mwezi anaochelewa kushika mimba ni mwezi mmoja zaidi wa kumlisha bila maziwa mbele ya safari. Hivyo ndivyo ng'ombe wa mwenye deni asivyozaa. Na akiachwa bila kuogeshwa akapata ndigana kali, gharama ya tiba huzidi kwa mbali zile shilingi 8,000 zilizookolewa, na pengine tiba ikafika wakati mnyama ameshakwenda.

Kwa hiyo tunawasihi: mkikaa kupanga madeni, gharama za lishe, kuogesha na kinga ziwe mstari wa kwanza wa daftari, pamoja na unga wa watoto. Mkopeshaji asomewe kilichobaki baada ya mistari hiyo. Hiyo si dharau kwake. Mnyama akifa, hata yeye hatalipwa.

Tulipe lipi kwanza?

Kanuni ya kulipa madeni kadhaa ni nyepesi kuikumbuka: kila deni lipate kiwango chake cha chini ili lisiharibike, na kila shilingi ya ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Watu wengi hufanya kinyume. Humlipa kwanza mdai mwenye kelele, au jirani wa VICOBA kwa sababu ya aibu, na kuliacha deni linalokua haraka liendelee kukua. Kelele na aibu haziongezi deni. Riba ndiyo inayoongeza.

Turudi kwenye familia yetu. Bandani wana ndama dume wa mwaka mmoja. Methali ingewaambia kwamba huyo ndiyo alama ya umaskini wao. Daftari linawaambia vingine. Wakimwuza kwa shilingi 450,000 na kupeleka zote kwenye deni la asilimia 20, deni hilo linashuka hadi shilingi 150,000, na riba ya mwezi inashuka kutoka 120,000 hadi 30,000. Sasa wasipunguze mwendo. Waendelee kutoa zile zile shilingi 120,000 walizokwisha kuzizoea. Mwezi wa kwanza, 30,000 zinakuwa riba na 90,000 zinapunguza deni; linabaki shilingi 60,000. Mwezi wa pili wanatoa 72,000, na deni la msiba limekwisha.

Kuanzia mwezi wa tatu, zile 120,000 zinaungana na 60,000 za VICOBA. Kwa mwendo huo, mwezi wa nne unapokwisha, shilingi 1,000,000 zote zimelipwa. Ng'ombe hajakosa pumba hata siku moja, na wale watoto hawajakosa lita zao mbili.

Tunafahamu kwamba wapo wakopeshaji wanaokataa kupokea sehemu ya deni, wakitaka mkopo wote urudi kwa mkupuo au riba iendelee. Ulizeni jambo hilo kabla ya kukopa, na lisomeke katika mkataba. Anayekataa deni lipungue anataka mdaiwa abaki mdaiwa. Na kila mnapolipa, dai stakabadhi yenye tarehe, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki. Ujumbe wa muamala wa simu utunzwe. Usifutwe hadi deni lifungwe kwa maandishi.

Je, tumwuze ng'ombe mwenyewe?

Swali hili huulizwa kwa sauti ndogo, nasi hatutalikwepa. Wangoni waliingia nchi hii katika karne ya 19 wakiwa wafugaji wa ng'ombe, na mpaka leo kuuza ng'ombe wa nyumbani ni jambo zito kuliko kuuza kitanda. Hata hivyo upo wakati wa kumwuza.

Pimeni hivi. Andikeni riba mnayolipa kwa mwaka mzima. Pembeni yake andikeni faida halisi ya ng'ombe kwa mwaka, pamoja na thamani ya maziwa yanayonywewa nyumbani. Katika mfano wetu, riba ya deni la msiba ingefika shilingi 1,440,000 kwa mwaka, wakati fedha taslimu inayobaki kwa ng'ombe ni kama shilingi 588,000. Lita 2 za kila siku katika miezi 10 ni lita 600, zenye thamani ya shilingi 900,000. Ukijumlisha, pande mbili zinakaribiana sana. Kama familia isingekuwa na ndama, wala gunia la mahindi, wala mkopo wa riba ndogo wa kuhamishia deni, isingekuwa makosa kumwuza ng'ombe na kuanza upya.

Lakini atakayeuza, auze mapema. Ng'ombe aliyeshiba, mwenye mimba iliyothibitishwa na mtaalamu, huuzwa kwa bei ya mwenye mali. Ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa bei ya mnunuzi. Wapo wanaosubiri hadi mkopeshaji asimame mlangoni. Huyo atataja bei yake mwenyewe, na deni linaweza kubaki hata baada ya mnyama kuondoka. Mauziano yaandikwe, yashuhudiwe na viongozi wa mtaa au kijiji, na kibali cha kumsafirisha mnyama kifuatwe kwa afisa mifugo.

Tahadhari moja: wapo waliopata ng'ombe kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza hupewa familia nyingine. Mtamba huyo si mali yenu ya kuuzia deni. Msimhesabu.

Mnachopaswa kujua kuhusu mkopeshaji

Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha si ya kila mwenye fedha mfukoni. Sheria imeigawa katika madaraja manne. La kwanza ni taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwemo wanaokopesha kwa njia ya simu. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kila daraja lina leseni au usajili wake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kukukopesha liwe hili: naomba kuona leseni yako.

Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 600,000, hiyo ni shilingi 21,000. Mkilinganisha na zile 120,000 za familia yetu, mtaona wenyewe ni kwa nini mkopeshaji wa kausha damu hapendi kuonesha karatasi.

Kuhusu mikopo ya simu, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo huchukua orodha ya namba zilizomo kwenye simu ya mkopaji, kisha huwatumia ujumbe wa kumfedhehesha mama mkwe, mchungaji, shehe au mwajiri wake. Deni ni siri kati yako na anayekudai. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume inayoisimamia hupokea malalamiko ya walioanikwa namna hiyo. Tunzeni ujumbe huo kama ushahidi. Msiufute kwa hasira.

Kadi ya benki na namba yake ya siri si dhamana. Mtu akizishika hizo ameshika mshahara wako, na atajilipa kabla hujanunua hata chumvi ya ng'ombe. Kwa watumishi wa umma, mnafahamu kanuni ya theluthi moja, kwamba makato yasiuache mshahara chini ya kiwango hicho. Anayempa mkopeshaji kadi yake ameibomoa kinga hiyo kwa mkono wake.

Ng'ombe anapowekwa dhamana

Jiulizeni mambo manne kabla ya kutia saini. Kwanza, je, mwenzi wako anajua na amekubali? Ng'ombe anayelisha familia si wa mtu mmoja. Pili, mkataba umeandikwa kwa Kiswahili mnachokielewa, na umetaja kiasi, riba, muda na thamani ya mnyama? Tatu, mnyama akiuzwa kwa zaidi ya deni, ziada inarudi kwa nani? Nne, ndama atakayezaliwa katikati ya mkopo ni wa nani? Swali la mwisho husahaulika sana, na limewagombanisha wengi.

Msitie saini hati ya mauziano iliyovikwa jina la mkopo. Karatasi inayosema umemwuza ng'ombe wako itasomwa hivyo hivyo mahakamani, hata kama mlikubaliana kwa mdomo kwamba ni dhamana tu.

Na ikitokea mtu akaja usiku kufungua banda kwa nguvu, kumbukeni kwamba deni ni jambo la madai, na mahali pa kulitatua ni mezani au mahakamani, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Msipigane. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa na polisi, na siku inayofuata mtafuteni msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nayo hutolewa bure kwa wasio na uwezo.

Mkishindwa kulipa mwezi huu

Nendeni kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, wala si baada yake. Mchukulieni daftari lenu. Mwambieni: ng'ombe yuko katika mapumziko, atazaa mwezi fulani, kuanzia hapo tutaweza kiasi fulani. Ombeni rejesho lipunguzwe kwa miezi hiyo miwili au ratiba ifuate mavuno, na makubaliano mapya yaandikwe. Mkopeshaji mwenye leseni analielewa jambo hilo, na ni rahisi kwake kulikubali likija mapema pamoja na hesabu. Mdaiwa anayezima simu huhesabiwa kuwa mkorofi, na jina lake huweza kufika katika taasisi za taarifa za mikopo, likamfungia milango ya mikopo nafuu baadaye.

Msikope kausha damu mpya kuzima ya zamani. Kuhamisha deni kunafaa pale tu riba mpya ni ndogo kuliko ya zamani, kiasi hakiongezwi, na deni la zamani linafungwa siku hiyo hiyo. Mwanachama wa SACCOS aanze kuuliza huko. Kuhusu mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni kweli haina riba. Lakini imewekwa kwa ajili ya uzalishaji. Anayeichukua kulipia deni la harusi amejitengenezea deni la pili, tena la umma.

Mkiona mmeonewa, andikeni malalamiko kwa mkopeshaji kwanza na mbaki na nakala. Msiporidhika na jibu, pelekeni nakala hiyo, mkataba na stakabadhi kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, au kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikiwa ni SACCOS. Kwa kikundi cha kijamii, anzeni halmashauri kilikosajiliwa.

Mambo ya kufanya msimu huu

Kupunguza gharama ya mnyama bila kumpunguzia chakula kunawezekana, na majira ya mavuno ndiyo wakati wake. Mashine za kusaga zinapokuwa na kazi nyingi, pumba huwa nyingi. Nunueni na kuhifadhi mahali pakavu, zisiingie unyevu na ukungu. Msichome mabua ya mahindi shambani. Yakatwe, yafungwe, yawekwe darini kwa ajili ya Septemba na Oktoba. Pandeni majani ya tembo kandokando ya shamba mvua zinapoanza. Wafugaji watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kumwita mtaalamu siku moja na kugawana nauli yake. Kila shilingi iliyookolewa hivyo ni halali kupelekwa kwenye deni, maana haikutoka tumboni mwa mnyama.

Ndugu wananchi, wahenga hao hao walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hatukuja kuwafundisha namna ya kukwepa. Anayedaiwa kihalali alipe, na alipe akiwa amesimama, bado ana banda, bado ana maziwa ya watoto, bado anasalimiana na mdai wake sokoni.

Leo jioni, baada ya kukamua, tunawaomba mkae mume na mke, au mama na mwanawe mkubwa, na daftari moja. Upande wa kushoto andikeni kila anayewadai, kiasi, riba na tarehe. Upande wa kulia andikeni kila anachokula yule aliyeko bandani. Anzeni kusoma upande wa kulia.

Sasa tunapokea maswali.